Majani Niliyoyaita Dawa

Naandika kwa ajili ya mtu aliyetoka hospitali leo na kadi ya sindano, akaikunja mara nne na kuiweka mahali ambapo mumewe, mama mkwe wake na majirani hawatatia mkono. Mimi yangu niliishonea ndani ya mto. Nilipona. Sasa ni bibi mwenye wajukuu, na mlima wa kwenda kanisani naupanda kwa kusimama mara moja tu, tena kusimama kwenyewe ni kwa sababu napenda kusalimia watu. Lakini siandiki kujisifia kupona. Naandika kwa sababu ya neno moja nililolisema nyuma ya jiko langu, kwenye tuta la mboga, ambalo nimeshindwa kulirudisha mdomoni miaka yote hii.

Kikohozi kilinianza masika, katika ile miaka tuliyokuwa tukihimizwa kuishi kijamaa na mkoa wetu ukiitwa Ziwa Magharibi. Tuliishi Muleba, upande wa Kamachumu, kwenye kibanja cha baba wa mume wangu. Kibanja ndilo shamba letu la migomba na kahawa, na nyumba hukaa katikati yake kama kitu kilichofichwa. Mume wangu Deogratias alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mama yake, ambaye nilimwita Mae kama tunavyowaita mama zetu wote, alikuwa na nyumba yake hatua chache kutoka kwetu. Humo aliishi na binti yake Yustina, wifi yangu, aliyerudi nyumbani baada ya ndoa yake kuvunjika.

Lazima nimseme Yustina kidogo, maana bila yeye hakuna ninachoandika. Alikuwa na kicheko kinachosikika mpaka kibanja cha tatu. Msimu wa senene, wale panzi tunaowala, hakuna mwanamke aliyemfikia kwa kuwakamata. Wengine tulirudi na vikapu nusu, yeye anarudi na kikapu kimejaa na kanga imejaa. Nilipoletwa pale nikiwa bibi harusi, binti wa Kashozi niliyelelewa karibu na misheni na nisiyejua hata kutandika nyasi shambani vizuri, Yustina alikuwa akiamka kabla yangu na kunifanyia kazi nusu, ili Mae asiseme. Na masika yale nilipoanza kukohoa, yeye ndiye aliyelala na mimi chumbani, akinifuta jasho na kunishika mabega nikizidiwa. Hatukujua ni ugonjwa gani. Alikunywa uji katika kikombe changu.

Nilikonda mpaka pete ya ndoa ikaanguka ndani ya ungo wa maharage, Mae akaiokota na kunipa. Mifupa ya shingo ilitoka nje hata gauni likawa linaning'inia. Baada ya Pasaka Deogratias alinipandisha basi mpaka Bukoba.

Tulikaa kwenye benchi la baraza ya hospitali tangu asubuhi hadi mchana. Nakumbuka lile benchi kuliko ninavyokumbuka madaktari. Lilikuwa limeng'aa kwa kukaliwa, na kila aliyekuwa juu yake alikuwa na kikopo cha makohozi chenye mfuniko na alikificha chini ya nguo, kana kwamba wenzake hawakuwa na vyao. Mimi pia nilificha. Jina langu lilipoitwa niliingia peke yangu, na nilipotoka Deogratias alinitazama usoni akajua.

"Ni kile?" aliuliza.

"Ni kile."

Alinivuta pembeni ya baraza. Kisha akasema, "Tutasema ni homa ya mapafu. Kwa ajili ya watoto, Anastazia. Nyumba ikishasemwa kwamba ina kifua kikuu, nani ataoa humo?"

Tulikuwa na mabinti wawili, mkubwa ana miaka sita. Nikasema sawa. Nisimtupie mume wangu mzigo, sasa ni marehemu na hawezi kujitetea: nilikuwa nimeshaamua hivyo kabla hajafungua mdomo.

Wodini nilikaa miezi miwili, sindano sitini, moja kila asubuhi. Kule hatukuhesabu siku, tulihesabu sindano. Mtu akiuliza "umefika wapi?" unajibu "ishirini na nne," na wote wanajua uko wapi. Kufikia ya kumi nilikuwa nimeacha kutoka jasho. Kufikia ya ishirini sikio la kushoto lilianza kuvuma, nalo linavuma mpaka leo, ukitaka kuniambia siri njoo kulia. Kufikia ya thelathini matako yalikuwa magumu kama kiazi kibichi, nesi akigusa anatafuta mahali laini anakosa. Nilijifunza kukaa kwa kuegemea upande mmoja. Wote tulikaa hivyo, tukipishana, wa kulia leo, wa kushoto kesho.

Kwenye kitanda cha pili kutoka changu alikuwa Bi Zuhura, Mwislamu wa mjini, mke wa fundi cherehani. Huyu hakuficha kitu. Mgeni wa mtu yeyote akiingia wodini yeye anamwambia, "Shikamoo baba, kaa mbali kidogo, hapa sote tuna kifua kikuu." Mimi nilikuwa nikijifunika shuka mpaka kichwani kwa aibu. Siku moja nilimuuliza haogopi watu. Akacheka. "Nyinyi wenye vibanja mna vichaka vya kujifichia," alisema. "Mimi nyumba yangu iko barabarani. Nikikohoa, soko zima linaitikia." Nilimwona hana haya. Sasa ningetoa chochote niwe na nusu ya mdomo wake.

Msimamizi wa wodi alikuwa Sista Leonia, Mhaya mwenzetu, mfupi, mwenye hatua za haraka. Nyuma ya wodi alikuwa na bustani, na sisi tulioweza kusimama alitutoa jua likipoa tukamwagilie. Kulikuwa na karoti, kabichi, na matuta mawili ya saladi, ile ya majani mapana yaliyokunjamana pembeni, laini, ya kijani hafifu. Jioni alikatakata majani yale, akayanyunyizia chumvi na ndimu na mafuta kidogo, akatugawia katika sahani pamoja na ndizi zetu. Mabichi! Wodi nzima iliguna. Mwanamke mmoja wa Ihangiro alisema kwa sauti, "Leo tumefungiwa zizini."

"Kuleni," alisema Sista. "Damu yenu imekwisha. Ni mboga, haing'ati."

Nilikula kwa kuogopa Sista. Baadaye nikazoea. Baadaye zaidi nikapenda, hasa kule kuvunjika kwake kati ya meno, maji yakitoka, katika kinywa kilichokuwa na ladha ya vidonge mchana kutwa. Nilijifunza na kilimo chake. Mbegu zake ni ndogo kama chawa, hazifukiwi, zinafunikwa na udongo kidogo uliochekechwa mkononi. Zikiota unazijengea kivuli cha nyasi. Unahamisha miche jioni, si jua kali, na pembeni unamwaga majivu ili konokono wasivuke. Ukivuna unachuma majani ya nje tu, moyo unauacha, nao unakupa tena.

Nilipofika sindano ya sitini Sista alinipa ruhusa. Zilibaki thelathini, za kuruka siku moja moja, nikachomwe zahanati ya kwetu, na vidonge vya kumeza mwaka na zaidi. Alinipa kadi mpya, na kopo la maziwa ya unga lililojaa miche ya saladi. "Kadi kwanza," alisema. "Saladi baadaye." Aliyasema hayo kwa Kihaya na kwa Kiswahili, kama mtu anayemjua mwenzake.

Nyumbani nilipanda miche ile nyuma ya jiko, chini ya kivuli cha migomba. Ilikuwa Juni, mvua zimekatika, nami nikawa nikiimwagilia maji ya kuoshea vyombo. Kadi nikaishonea ndani ya mto. Zahanati ilikuwa jirani na shule, saa nzima kwa miguu kupita rweya, yaani ule uwanda wa nyasi ulio kati ya vijiji. Kila baada ya siku moja nilijifunga kanga safi, nikachukua kitabu cha kisomo, nikaaga kwamba naenda kufundisha akina mama kusoma. Na kweli nilifundisha. Lakini kwanza nilipita mlango wa nyuma wa zahanati, mganga akanichoma, akaweka mstari katika kadi, akafunga mdomo wake. Mwalimu wa kisomo aliyesimama darasani saa nzima kwa sababu kukaa kunamuuma! Wanafunzi wangu walinisifu kwa bidii.

Kwa hiyo sindano hazikuonekana, na saladi ilionekana. Nilikuwa naila uani, mbele ya watu, kwa sababu sikuona cha kuficha pale.

Sasa niwaeleze wasio wa kwetu. Kwetu, jani likipikwa ni mboga. Jani bichi ni la mbuzi, au basi ni omubazi, yaani dawa, ile inayotafunwa au kukamuliwa na mtu anayejua miti. Jina la tatu hatukuwa nalo. Wiki ya kwanza Mae alinitazama nikitafuna akaondoka. Wiki ya pili wazee waliokuwa wakipita kwenda kunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, walisimama kwenye ua. Mmoja akanisalimia kwa Kihaya, "Kasinge, mke wa mwalimu. Mjini wamekufundisha kuchunga au kuchungwa?" Kufikia Jumapili nilikuwa nimepata jina: Kabuzi, kambuzi kadogo. Watoto waliniita hivyo njiani kutoka kanisani. Yustina alikuwa wa kwanza kucheka, kwa upendo wake ule ule, akinilia "mee" kutoka nyumba ya pili kila alipoona nimeshika sahani.

Mimi nina hasira za karibu. Siku moja majirani watatu walikuwa uani, Mae yupo, Yustina akalia "mee" yake, wote wakacheka, nami nikasema kwa ukali, "Cheka tu. Hii ni omubazi. Ndiyo iliyoniinua kitandani."

Kicheko kilikatika papo hapo. Mwanamke mmoja alisogea kutazama tuta kwa heshima kama mtu aliyeingia kanisani. "Kumbe," alisema. "Inatibu nini?"

"Kifua," nilisema. "Ile homa ya mapafu."

Kabuzi alikufa siku ile. Nikawa mtu mwenye dawa. Walikuja kuomba jani la mtoto mwenye mafua, jani la bibi mwenye pumu, na mimi nikawapa, nikiwaambia hili si kubwa sana, chukua na hili. Nikubali jambo la aibu: nilifurahia. Mwili ulikuwa unarudi, pete ilikaa kidoleni, mashavu yalijaa, na watu walinitazama mimi kisha wakatazama tuta. Julai ikaisha. Saladi haipendi kiangazi kirefu. Ilianza kurefuka shina, majani yakawa machungu, ukiyavunja yanatoa utomvu mweupe kama maziwa. Sista alikuwa ametuonya kwamba ikifikia hapo imeisha, ng'oa. Majirani zangu waliona kinyume. Yustina alionja, akakunja uso, akasema, "Aa, sasa ndiyo imekuwa dawa kweli."

Sindano yangu ya tisini nilichomwa mwanzoni mwa Agosti. Nilirudi njia nzima ya rweya naimba peke yangu. Wiki hizo hizo Yustina alianza kukohoa.

Siku aliyokuja kwangu na habari yake, mwishoni mwa Agosti, nilikuwa nachuma majani. Mae alikuwa ameketi mkekani karibu na mlango wa jiko, akipepeta maharage. Yustina alikuja polepole, kanga ameivuta mpaka kidevuni ingawa jua lilikuwa kali.

"Wifi," alisema kwa sauti ya chini, "wamenipima pale zahanati. Ni kifua kikuu. Wamenipa kadi."

Nilikumbuka kile kikombe cha uji. "Umeanza sindano?"

"Kumi na moja. Zinauma, wifi. Nikirudi siwezi hata kuinama kung'oa kiazi. Na ile rweya, saa nzima kwenda, saa nzima kurudi, nakohoa njia nzima, watu wananipisha kama nimebeba maiti." Akatazama tuta, akanitazama. "Wewe kule Bukoba walikuchoma?"

Nyuma yangu maharage yaliacha kugonga ungo.

Nimeirudia saa ile mara nyingi. Ningegeuza kichwa nikaona uso wa Mae, labda ningesema. Ningemshika Yustina mkono nikamvuta mpaka chumbani na kuchana ule mto mbele yake, ingetosha. Nilichoona akilini ni mabinti zangu wamekaa bila kuolewa, na majirani wale wale waliokuwa wakipokea majani yangu wakiyatupa na kunawa mikono.

"Mimi?" nilisema. "Sikuchomwa. Yangu ilikuwa homa ya mapafu tu. Walinipa vidonge, na haya."

"Kwa hiyo ni haya majani."

"Yamenisaidia sana."

Maneno yale ya mwisho yalikuwa kweli, ndiyo maana yalikuwa mabaya kuliko yale ya uongo. Nikamchumia fungu kubwa.

Ningependa kuandika kwamba nilimwambia asiache sindano. Nilimwambia, siku ya pili, kama mtu anavyomkaribisha mgeni chakula wakati sufuria imekwisha kuoshwa. "Na kule zahanati usiache," nilisema, nikiwa nimempa mgongo. Akasema, "Ndiyo, wifi." Hakwenda tena. Nilijua hakwenda, kwa sababu njia ya rweya inapita mbele ya mlango wangu. Kila asubuhi nilikuwa nikisubiri kanga yake ipite. Badala ya kupita, alikuwa akiingia uani kwangu na sahani.

Septemba alikuwa bado anacheka. Alizoea kukaa kwenye jiwe pembeni ya tuta, akitafuna yale majani machungu kwa bidii ya mtu anayesali, akinieleza anavyojisikia nafuu. Alipenda hata maua yake, yale madogo ya njano yanayogeuka kuwa manyoya. Alichukua mbegu, alisema mvua zikija tupande tuta la pili, la kwake. Oktoba mvua zilikuja, lakini mbegu hatukupanda. Novemba senene waliruka. Mawingu ya senene, kijiji kizima kimetoka rweya na vikapu, na Yustina alikaa mlangoni kwa Mae akinyonyoa mabawa ya wale waliokamatwa na wengine. Mikono yake ilikuwa myembamba kama yangu ya masika. Alinitazama akasema, "Mwaka huu wamenishinda mbio." Hapo nilikimbia kumwambia Deogratias. Nikamwambia kila kitu, hata kuhusu kadi ya Yustina. Alikaa kitandani, akashika kichwa. "Kwa nini hukuniambia?" alisema. Sote wawili tulikuwa tumeijenga nyumba hiyo ya uongo, na ilikuwa imara sana.

Tulimpeleka Bukoba kwa basi, ameegemea bega langu. Lile benchi lilikuwa pale pale, limeng'aa vile vile. Safari hii sikuficha kikopo. Nilikishika mapajani mbele ya watu wote, Yustina akakiona, akaona jinsi nilivyojua kukifungua na kukifunga kwa mkono mmoja. Hakuuliza. Alikuwa hana pumzi ya kuuliza. Nadhani alielewa. Kati ya mambo yote, hilo ndilo linaloniamsha.

Sista Leonia alinikuta barazani.

"Kadi yake iko wapi? Alifika sindano ya ngapi?"

"Kumi na moja."

"Akaacha? Akatumia nini miezi yote hii?"

Nikasema tu, "Saladi, Sista."

Alinitazama. Sikuona hasira, alikuwa amechoka tu. "Saladi ni mboga, Anastazia," alisema. "Mimi nilikupa mboga."

Yustina alikufa siku ya nne. Tulimrudisha, tukamzika pembeni ya kibanja, na Krismasi ile nyumba zetu mbili hazikupika pilau.

Januari Mae alinipa mkoba mdogo wa Yustina, nikafue nguo zilizomo. Chini kabisa nilikuta kadi ya sindano imekunjwa mara nne. Mistari kumi na moja, kisha visanduku vyeupe mpaka mwisho. Nilipoikunjua zilimwagika mbegu za saladi, nyingi, safi, amezipepeta vizuri. Ile kadi alikuwa ameifanya bahasha ya mbegu. Nilikwenda chumbani nikachana mto wangu, nikazilaza kadi mbili kitandani, yangu imejaa mistari mpaka pembeni. Nimezihifadhi zote mbili. Mabinti zangu waliolewa, kama mtapenda kujua. Waume zao wamewahi kuziona kadi hizo, wote wawili, na hakuna aliyemrudisha mke.

Masika yalipoanza nilipanda zile mbegu. Ziliota zote. Nilikuwa nang'oa magugu asubuhi moja Mae akaja, akasimama juu yangu na fimbo yake.

"Hizi ni zile za Yustina?"

"Ndiyo, Mae."

"Hii omubazi inatibu nini hasa?"

Nilibaki nimepiga magoti. Nikasema, "Si omubazi, Mae. Ni mboga tu. Mimi nilichomwa sindano tisini. Nilikuwa na kifua kikuu kama yeye."

Nilisubiri fimbo. Nilikuwa nimeitaka.

"Nilijua," alisema.

"Nani alikuambia?"

"Aniambie nani? Ulikuwa unakaa kwa tako moja. Kila ukirudi kutoka kisomo chako, tako moja. Nimezaa watoto tisa, nisimjue mtu aliyechomwa sindano?"

"Na siku ile, Mae. Ulipokuwa na maharage."

"Nilikusikia." Alitazama upande wa kaburi, kisha akatazama chini. "Nikasema moyoni, mke wa mwanangu anajisitiri, mimi ni nani nimvue nguo mbele ya wifi yake. Nikaendelea kupepeta."

Akainama kwa shida, akashika bega langu, akachuma jani moja changa la nje kama alivyokuwa akiniona nikifanya. Alikuwa hajawahi kuyaonja hata siku moja. Aliliweka mdomoni, akalitafuna polepole kwa yale meno yake machache, kwa muda mrefu, akitafuta kitu.

"Halina hata uchungu," alisema, na akaanza kulia.